Maoni Yetu: Jaji aonyeshe hesabu yake

Binti wa miaka kama 14 aliingia mkekani na fimbo iliyompita kimo. Ilikuwa ya mkaratusi, imepigwa msasa ikalainika, na katikati imeviringishwa utepe mweusi wa mafundi umeme ili isiteleze mkononi. Aliinama, akataja jina lake na la klabu yake, akaanza. Kwa zaidi ya dakika moja ukumbi ulinyamaza. Fimbo ilizunguka mgongoni, ikapita kwapani, ikatoka na kusimama pale pale macho yake yalipokaza. Yeye hakutikisika.

Baada yake alikuja kijana mwenye fimbo ya dukani, nyembamba na nyepesi, inang'aa kama karatasi ya peremende. Aliizungusha mpaka ikawa haionekani, akapiga sarakasi mbili, na ya pili akatua vibaya, akaegemea mkono chini. Mashabiki walishangilia hadi muziki ukafunikwa. Majaji watano wakainua vibao. Kijana alimshinda binti kwa nukta chache tu, na msimamizi akaita jina linalofuata.

Huenda majaji walikuwa sahihi. Hatuandiki ili kumrudishia binti medali. Tunaandika kwa sababu mwalimu wake alipokwenda mezani kuuliza mwanafunzi wake alipoteza wapi, aliambiwa uamuzi wa majaji ni wa mwisho. Alirudi mikono mitupu. Binti akauliza, "Sasa nikafanyie mazoezi nini?" Mwalimu hakuwa na jibu, nasi tuliokuwa tumekaa nyuma yao hatukuwa nalo.

Msimamo wetu ni huu. Katika mashindano ya sanaa za mapigano ya mtindo huru hapa Kampala, yawe ya mikono mitupu au ya silaha, jaji asitoe alama moja isiyogawanywa. Aandike ametoa ngapi kwa lipi na amekata ngapi kwa kosa gani, na karatasi hiyo apewe mshindani siku hiyo hiyo.

Mji huu unaupenda mchezo huu kwa dhati. Vijana wengi walianza kuujua katika vibanda vya video, ambako VJ huitafsiri filamu kwa Kiganda huku akiichangamsha kwa vijembe vyake. Katika mtaa wa Wakaliga, Nabwana I.G.G. na wenzake walitengeneza filamu ya Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa vifaa vya kuungaunga, na Bruce U ndiye bingwa wa kung fu ndani yake. Filamu hiyo imetazamwa na mamilioni ya watu mtandaoni, na watoto wa mtaa wamekua wakiona kwamba teke la kuruka linaweza kuwa kazi. Ukienda viwanja vya michezo vya Lugogo siku ya mashindano utawakuta wa karate, wa taekwondo, wa wushu na wa kickboxing, kila mmoja na mkoba wake na mama yake.

Lakini filamu ina mkasi. Mwongozaji hupiga picha mara nne akachagua iliyo nzuri, na pale mchezaji alipojikwaa akapaondoa. Mkekani mara ni moja. Jaji aliyelelewa na filamu, na wengi wetu tumelelewa nazo, hushawishika na kile kinachong'aa. Ndiyo maana anahitaji karatasi inayomlazimisha kutazama miguu wakati moyo wake uko kwenye fimbo inayozunguka.

Wapo watakaosema sanaa haipimiki. Hatukubali, na duniani kote wenye michezo hii walishalijibu jambo hilo. Kanuni za kimataifa za taolu, yaani maonyesho ya wushu, kwa miaka mingi zimegawa alama 10 mafungu matatu: 5 za ubora wa kila tendo, 3 za onyesho zima, 2 za ugumu. Makosa nayo yana bei. Kuyumba hukata 0.1, kuegemea mkono chini 0.2, kuanguka 0.3. Taekwondo ya mtindo huru hutoa 6 kwa ufundi na 4 kwa uwasilishaji, na ndani ya ufundi huo huhesabiwa kimo cha teke la kuruka, idadi ya mateke yaliyopigwa mtu akiwa hewani, na nyuzi za mzunguko. Katika kata, yaani maonyesho ya karate, kwenye Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021, ufundi ulikuwa asilimia 70 na uwezo wa mwili asilimia 30. Majaji walikuwa saba, na kila upande alama mbili za juu na mbili za chini zikatupwa. Kwa hesabu hiyo Ryo Kiyuna wa Japani na Sandra Sánchez wa Hispania walipata dhahabu, na aliyeshindwa aliweza kusoma ameshindwa wapi.

Hata breki, dansi ya mitaani ambayo Abramz Tekya na Breakdance Project Uganda wamekuwa wakiwafundisha watoto wetu bure tangu 2006, ilipofika Olimpiki ya Paris mwaka 2024 ilipimwa na majaji tisa kwa vigezo vitano: ufundi, wingi wa mbinu, utekelezaji, kuufuata muziki na ubunifu. Hakuna aliyesema breki imeuawa kwa kupimwa.

Wala hatuhitaji kwenda Paris. Mtoto yeyote wa Uganda aliyepita katika tamasha la shule la muziki, ngoma na maigizo amesimama mbele ya mwamuzi mwenye karatasi. Mwamuzi yule husema wazi kwamba ngoma kubwa ilichelewa, waimbaji wa sauti ya pili walizidiwa, vazi halikulingana na wimbo. Mwalimu huandika, watoto husikia, mwaka unaofuata wanarudi wamejirekebisha. Kwa nini mtoto huyo huyo akivaa mkanda wa karate anyimwe haki ambayo shule yake ilishampa?

Sasa tuingie katika silaha, kwa maana huko ndiko dhuluma inakojificha bila mtu kuikusudia.

Rudi kwenye fimbo zile mbili. Ile ya mkaratusi ni nzito. Kuianzisha kuzunguka kunataka kiuno na mguu wa nyuma, na kuisimamisha kunataka nguvu zaidi ya kuianzisha. Ile ya dukani imechongwa nyembamba kuelekea ncha zote mbili, na vidole peke yake vinatosha kuizungusha. Anayeishika nyepesi ataonekana ana kasi mara mbili ya mwenzake hata kama wamefanya mazoezi saa zile zile. Jaji akitoa alama kwa kasi anayoiona kwa macho, anatoa alama kwa uwezo wa mzazi kuagiza fimbo kutoka ng'ambo. Binti wa mkaratusi alishindwa kwa sehemu fulani kabla hajatoka nyumbani.

Dawa yake si ngumu. Fimbo zipimwe uzito kabla ya mashindano, na kila kundi la umri liwe na kima cha chini. Mizani ipo katika kila bucha la mji huu. Au mwandalizi anunue fimbo sita za aina moja, zikae mezani, kila mshindani achukue mojawapo. Wa taolu wana kipimo kinachofuata mwili wa mchezaji mwenyewe: fimbo ndefu isipungue kimo chake, na upanga ukishikwa mkono umeshuka, ncha ifike walau juu ya sikio. Kipimo hicho hakihitaji mashine. Kinahitaji mtu mmoja kusimama mlangoni.

Na jaji ajiulize swali ambalo kocha yeyote mzuri huuliza mazoezini: fimbo hiyo inampiga nani? Katika kila mzunguko pawe na pigo au kinga inayoonekana. Mzunguko usio na adui ni mchezo wa mshika bendera katika gwaride, unapendeza, lakini si silaha. Hatusemi mapambo yafutwe. Tunasema yawe na fungu lake kwenye karatasi, na fungu hilo lisizidi fungu la kuitawala silaha.

Kuangusha silaha je? Hapa tumeona kila aina ya uamuzi. Kuna mashindano ambayo aliyeangusha alitolewa papo hapo, na kuna mengine ambayo aliyeangusha akaiokota kwa madaha alipanda jukwaani kuchukua kikombe. Watu wa pwani wanalielewa jambo hili kuliko wengi. Katika kirumbizi cha Lamu na Zanzibar, ngoma na zumari zikiwa zimekolea, wanaume huingia duarani na fimbo, na duara zima linajua nani amepiga kwa adabu na nani amepitiwa. Katika razha ya Waomani upanga hurushwa juu na kudakwa. Ukidondoka, hakuna anayehitaji kuambiwa. Lakini kule ni ngoma, na hukumu ni ya watazamaji. Kwetu kuna medali na nafasi ya kusafiri, kwa hiyo bei ijulikane kabla. Sisi tungependa mtoto akatwe alama na aruhusiwe kumaliza, na mwenye mkanda mweusi aliyeangusha asipande jukwaani. Mwingine anaweza kupendelea vinginevyo. Lisilokubalika ni kuamua baada ya silaha kudondoka, huku mnamtazama aliyeiangusha ni mwanafunzi wa nani.

Sarakasi nazo zinataka mpaka. Mashindano ya wazi ya Marekani chini ya NASKA, chama cha karate ya mashindano, yalishatenganisha makundi. Kundi la ubunifu haliruhusu kuzunguka zaidi ya nyuzi 360 wala kupindua mwili kichwa chini, na anayetaka kuruka apendavyo ana kundi lake. WAKO, shirikisho la kickboxing la dunia, katika maonyesho yake ya muziki liliwahi kutenga mtindo mgumu wa asili ya karate na taekwondo na mtindo laini wa asili ya kung fu. Kampala washindani ni wachache, na tunafahamu kwa nini waandalizi huwatia wote katika chungu kimoja. Basi wakiwachanganya, wachanganye majaji pia. Meza yenye watu watano wa karate haiwezi kumsoma vizuri mtoto wa nanquan, mtindo mmoja wa wushu. Itaona mikono inayotembea na haitaona kisimamo.

Hapo tunafika kwa waamuzi wenyewe, na hapa tunataka kusema bila kuzungukazunguka. Jamii ya michezo hii Kampala ni ndogo. Jaji wa leo ni kocha wa kesho, na kocha huyo alifundishwa na mtu yule yule aliyemfundisha mwenye klabu ya pili. Wengi wao ni watu waadilifu wanaojitolea bila malipo, wanaokaa kwenye kiti cha plastiki kuanzia asubuhi hadi taa zinawashwa. Tunawaheshimu. Lakini mcheza kwao hutunzwa ni methali ya ngomani. Ikiingia kwenye meza ya majaji ni sumu. Mwanafunzi wako akiitwa, simama uondoke kitini na jaji wa akiba akae. Jambo hilo lisisubiri mtu kulalamika.

Uganda ina sababu ya kuwa makini zaidi ya wengine. Mwaka 1988 kwenye Olimpiki ya Seoul, katika fainali ya ngumi ya kilo 71, Roy Jones Jr. wa Marekani alipigana na Park Si-hun wa Korea Kusini. Hesabu ya makonde ilionyesha Jones amempata mwenzake mara 86, Park mara 32. Majaji watatu kati ya watano wakampa Park ushindi. Mmoja wa hao watatu alitoka Uganda. Uchunguzi wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki mwaka 1997 haukupata ushahidi wa rushwa, nasi hatumtuhumu mtu. Lakini fikiria mzigo aliobebeshwa kila mmoja. Jones alikosa medali ya dhahabu aliyoistahili. Park alizomewa kwa miaka mingi kwa kosa asilolifanya, hadi mwaka 2023 alipomkabidhi Jones medali ile kwa mkono wake mwenyewe. Na majaji wale hawakuwa na karatasi ya kuonyesha waliona nini, tendo kwa tendo. Karatasi ingewaumbua kama walidanganya, na ingewalinda kama walikosea kwa nia safi.

Tunawaomba majaji waione hivyo. Hesabu ya wazi ni ngao yao. Kocha mwenye hasira anayekuja mezani akiambiwa "kisimamo cha pili, mguu uliteleza, 0.1, mkono chini, 0.2", anaweza kubisha kuhusu mguu, lakini hawezi tena kumwita mtu mwizi.

Kuna dogo lingine ambalo kila mshindani wa kwanza analijua. Majaji wasiokuwa na kipimo humpa wa kwanza alama ya tahadhari, ili wabakize nafasi kwa wanaokuja. Mtoto aliyevuta karata mbaya ya kuanza analipia foleni. Mashindano mengi ya wazi nje huwaacha watatu wa kwanza wamalize ndipo wote waitwe kupewa alama. Tulichukue hilo hata kesho.

Usalama hatutauzungumza kwa urefu kwa sababu haupaswi kuwa na mjadala. Tumeona nanchaku ambayo mnyororo wake umefungwa kwa waya, na upanga wenye makali ya kweli ukizungushwa hatua tatu kutoka kwa watoto waliokaa sakafuni. Silaha zikaguliwe kabla, moja moja, na mkaguzi atie saini. Makali yasiruhusiwe kwa mtu yeyote, hata bingwa. Watazamaji warudishwe nyuma. Sheria ya Taifa ya Michezo ya 2023 ilikuja kuuweka uendeshaji wa michezo nchini katika utaratibu, na Baraza la Taifa la Michezo lina ofisi pale pale Lugogo. Halina sababu ya kusubiri jicho la mtoto litoke ndipo liulize nani aliruhusu.

Tunajua hoja ya fedha itakuja. Kampala hakuna ubao wa umeme kwa kila mkeka, na kadi ya jaji wa kimataifa ni ghali. Tunachoomba hakihitaji ubao. Ni karatasi moja yenye mistari sita kwa kila mshindani, kalamu tano, na mtu mmoja mwenye simu ya kujumlisha. Majaji wakiwa watano, alama ya juu kabisa na ya chini kabisa zinafutwa, tatu zinabaki. Mwanafunzi wa darasa la sita anaiweza hesabu hiyo.

Halafu kuna lugha. Kanuni nyingi huletwa zikiwa za Kiingereza cha kisheria, kurasa nyingi, na hubaki kwenye kompyuta ya katibu. Wanaofundisha watoto Katwe, Kisenyi na Wakaliga hufundisha kwa Kiganda, na wengi wa wageni wao kutoka Nairobi, Goma na Dar es Salaam huzungumza Kiswahili, ambacho kikatiba ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii tangu 2005. Muhtasari wa ukurasa mmoja, Kiganda upande huu na Kiswahili upande ule, ukieleza mafungu ya alama, bei ya kila kosa, uzito wa fimbo na nani haruhusiwi kukaa mezani, unaweza kuandikwa jioni moja na watu wanne wanaoujua mchezo. Ubandikwe ukutani kwenye mlango wa chumba cha kubadilishia nguo wiki mbili kabla ya mashindano, na nakala iende kwa kila klabu.

Binti wa mkaratusi bado anafanya mazoezi. Tulimwona tena uani, nyuma ya jengo la klabu yake, akirudia kisimamo kile kile mara kwa mara, kwa kuwa ndicho pekee alichokisia kuwa kilimponza.